Simu Haivui Soksi

Siku ya tisa mfululizo mama yake aliposema hajambo, hana tatizo lolote, daktari alijua kuna jambo.

Mama huyu hakuwa na mazoea ya kuwa mzima. Miaka sita tangu bintiye aende kufanya kazi ugenini, haikupita wiki bila goti, au kiuno, au lile sikio la kushoto lililokuwa likivuma kama redio iliyokosa stesheni. Alilalamika kwa raha na kwa utaratibu, akianzia utosini akishuka chini, na akimaliza alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Binti naye, kule kwake ghorofa ya nne, miguu juu ya kiti, aliyapenda malalamiko hayo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Sasa siku tisa, goti halitajwi. "Mimi mzima wa afya, mwanangu. Wewe fanya yako. Ijumaa si ndiyo mahojiano? Haya." Simu inakatwa.

Mwingine angemshukuru Mungu akalala. Lakini huyu alikuwa daktari bingwa wa dharura, na kazi hiyo ina sheria moja ambayo hufundishwi na kitabu, unafundishwa na maiti yako ya kwanza: anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele, mwache asubiri, mtafute aliyenyamaza. Mara ngapi amewaruka watu watatu wanaolia akamwendea yule wa pembeni anayesema "mimi sijambo, wahudumieni wenzangu," akamkuta damu imemjaa tumboni. Kwa hiyo ile "sijambo" ya mama ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haumezeki, hautemeki.

Jumatano hiyo aliingia zamu saa moja asubuhi, roho juu. Chumba cha dharura kilikuwa na vitanda kumi na vinane, vimetenganishwa kwa mapazia ya kijani yaliyofifia kwa kufuliwa, na milango miwili mikubwa iliyojifungua yenyewe hata akipita paka. Alimshona fundi ujenzi aliyepasuka paji la uso, akamtundikia dripu mwanamke aliyekuwa akitapika tangu jana, akambembeleza bibi mmoja aliyeamini kwamba manesi wamemwibia meno. Na wote watatu walivuliwa soksi. Tabia hiyo ndiyo iliyompa jina pale kazini. Wauguzi walimwita, kwa lugha yao, Daktari Soksi. Uje na jino, uje na jicho, soksi utavua. "Mwili hauishii magotini," aliwaambia. Walicheka, lakini walivua, kwa sababu mara nyingi kule chini alikuta jambo ambalo mwenye mguu mwenyewe hakuwa na habari nalo.

Saa nne alijipenyeza stoo ya mashuka, akafunga mlango, akampigia kaka yake. Kaka ni fundi cherehani, mkubwa wake kwa miaka mitano, mtu wa maneno mengi, ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anakueleza vitambaa vya siku hizi vinavyochuja.

"Dokta wetu! Habari za huko?"

"Nzuri. Mama anaumwa nini?"

"Mama? Mama mzima kama chuma cha reli."

"Na goti lake?"

"Limepona."

"Kaka, goti lile lilianza kuuma kabla mimi sijazaliwa. Limeponaje?"

Cherehani iliyokuwa ikinguruma nyuma yake ilisimama. "Sasa wewe unataka mama aumwe? Wenzako wanawaombea wazazi wao uzima, wewe unaulizia goti lililopona. Jiandae na mahojiano yako, mdogo wangu. Miaka mitatu umefanya kazi ya mkataba, ukikosa Ijumaa hii unaanza upya. Haya, nina mteja hapa."

Hakukuwa na mteja wala kivuli cha mteja. Daktari alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na aliyempaka alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Mchezo huo aliujua. Kwao, aliye mbali hupewa habari mbaya mwisho kabisa, tena zikiwa zimeshapoa. Baba yake mdogo alifariki wakati yeye yuko kwenye mitihani ya ubingwa. Aliambiwa wiki tatu baadaye, kwa upole mwingi, kana kwamba marehemu alikuwa amehama nyumba tu. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Wanasema aliye mbali hana wa kumshika akianguka. Ni upendo, huwezi kusema si upendo, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na upendo wa namna hiyo ulimtia hofu kuliko chuki ya mtu.

Alirudi kwenye vitanda asitulie. Alinawa mikono mara mbili mfululizo. Aliandika tarehe ya jana kwenye fomu ya leo. Alisimama kitanda cha tano akasahau alichokijia, akarudi, akakumbuka, akaenda tena. Muuguzi mkuu, mwanamke wa miraba minne asiyependa watu wanaotangatanga chumbani mwake, akamwambia, "Daktari, ama ukae, ama uende. Unawatia wagonjwa kizunguzungu."

Saa saba, wenzake walipokwenda kula, alirudi stoo. Safari hii alimpigia wifi yake, mke wa kaka, kwa simu ya picha. Wifi ana sifa nyingi, kudanganya si mojawapo. Akijaribu, masikio yanamwiva.

"Wifi yangu, niko na nafasi kidogo. Nipe nimwone mama."

"Amelala, wifi."

"Saa hizi? Mama ambaye akilala mchana anasema amekufa nusu?"

Wifi aliangalia pembeni. "Nimekatazwa, wifi. Mama mwenyewe ametuapisha wote. Kasema hadi Ijumaa ipite."

"Sikuulizi kitu basi. Ingia chumbani, egemeza simu kwenye birika pale mezani, utoke. Wewe hujasema lolote, na kiapo chako umekitunza."

Wifi alisimama kidogo akipima kama huo ni ujanja au ni haki. Kisha picha ikatikisika, ukapita mlango, likapita pazia, na simu ikaegemezwa.

Mama alikuwa amelala chali, shuka hadi kifuani. Daktari hakumwita. Alifanya kile anachofanya kila siku akifika kwenye kitanda cha mtu: aliangalia saa ya mkononi na kuhesabu pumzi. Shuka likapanda, likashuka. Dakika moja nzima. Mtu mzima aliyelala hupumua mara kumi na tano, kumi na nane. Mama yake alipumua mara thelathini na mbili, midomo imemkauka, na mkono mmoja ukipapasa shuka kama unatafuta kitu kilichopotea. Daktari alihesabu tena, kwa kuwa alitaka kukosea. Hakukosea.

"Wifi! Rudi. Mfunue miguu."

Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa khanga. Wifi aliifungua akiwa amegeuza uso. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha chupa, na kukizunguka nyama ilikuwa nyeusi, na weusi ulikuwa umeshapanda hadi kwenye kifundo.

"Kinanuka?"

Wifi aliendelea kuikunja ile khanga.

"Wifi, nakuuliza. Kinanuka?"

"Tunafungua madirisha," wifi akasema, akaanza kulia. "Alikanyaga msumari, wifi. Wala hakuhisi. Tuliuona msumari umo kwenye kandambili, tukacheka, tukasema mama ana ngozi ya kiboko. Ilikuwa wiki mbili zilizopita."

"Na namba za sukari mnazonitumia kila asubuhi?"

"Za mwezi uliopita. Mama alisema tuzirudie."

Hapo daktari alikaa juu ya rundo la mashuka safi, kinyume cha sheria zote za hospitali. Mama yake ana kisukari, na kisukari huua hisia za miguu, hilo analijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Miezi mitatu nyuma, tabibu wa zahanati ya mtaa wao, mwanamume mkimya aliyeitwa Miwani kwa kuwa miwani yake haikushuka kamwe kutoka kwenye paji la uso, alitaka mama aende kila wiki kuangaliwa miguu. Mama akalalamika kwamba safari zinamchosha. Na bingwa wetu akamtumia yule tabibu ujumbe, tena mrefu: asimsumbue mama, huku alipo yeye jambo hilo hufanywa mara moja kwa mwaka, na sukari ataifuatilia mwenyewe kwa simu. Miaka sita amewavua soksi watu wasiomhusu. Mguu wa mama yake hakuwahi kuuona hata mara moja. Simu inaonyesha uso, na uso wa mama ulikuwa ukicheka.

"Mwamshe," alisema.

Mama alifumbua macho taratibu. Alipoiona simu alijaribu kujiweka sawa, akashindwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Mama, unakwenda hospitali sasa hivi."

"Nikafanye nini hospitali, na mimi nina daktari wangu?" Maneno yalitoka mojamoja, na katikati ya kila neno palikuwa na pumzi. "Nitajie dawa, kaka yako akanunue. Zile za mwaka juzi zilinikubali."

Angeweza. Majina ya dawa yalikuwa mdomoni tayari. Kaka angekimbia duka la dawa, mama angemeza, angefurahi kwamba ametibiwa na mtoto wake kutoka ng'ambo, na kabla ya Jumapili wangekuwa wanachimba kaburi. Sumu ya kile kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Kidonge hakiifikii.

"Sikutajii dawa, mama. Mimi si daktari wako."

"Unasemaje?"

"Mimi ni mwanao. Daktari ni yule anayekugusa. Nilijifanya nakutibu kutoka huku, na nilikosea."

Mama alimtazama muda mrefu, kwa macho yaliyokuwa na homa. "Basi nilisomesha nani?" aliuliza. "Wote hawa wana daktari wa serikali. Mimi nilijua nina wangu. Kumbe nilikuwa nasomesha daktari wa watu."

Akageukia ukutani. Daktari alitamani kulia, lakini muda haukuwepo, na yeye ni mtu aliyezoea kukiweka kilio chake akiba. Alikata simu akampigia Miwani.

Miwani alipokea kwa mlio wa kwanza. Daktari alijitambulisha.

"Nakukumbuka," Miwani akasema. "Wewe ndiye wa ule ujumbe."

"Ndiye mimi. Nilikudharau, tabibu, nikamponza mama yangu. Ana kidonda cha mguu, kimeoza, anapumua thelathini na mbili, anaanza kuchanganyikiwa. Amekataa kwenda hospitali. Nakuomba radhi na nakuomba msaada, na kama utanipa kimoja tu nipe msaada."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada," Miwani akasema, na mlio wa kiti kilichosukumwa nyuma ukasikika. "Hayo ya radhi tutayaongea siku nyingine. Natoka sasa hivi."

Wifi aliiegemeza simu tena kwenye birika, na daktari akatazama. Miwani aliingia, akamsalimia mama, hakusema habari ya hospitali wala ya ugonjwa. Alikaa chini sakafuni. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akauweka mapajani.

"Usiinamie hivyo, baba, kinanuka," mama akasema.

"Mama, mimi pua yangu ilistaafu zamani."

Mama akacheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka, lakini kicheko. Na binti, kule stoo, katikati ya mashuka, aliona wivu. Wivu mtupu, wa kitoto, wa kumwona mtu mwingine ameushika mguu wa mama yake. Baada ya dakika chache Miwani alisema, "Mama, mimi peke yangu huu mguu siuwezi. Nisindikize hospitali nikaombe msaada." Na yule mwanamke aliyewakatalia watoto wake wote akajibu, "Kama ni kukusindikiza wewe, haya."

Alhamisi ilikuwa siku ndefu. Kwa mama kule, dripu, dawa za mshipani, presha inapanda kidogo inashuka. Kaka alipiga simu kila baada ya saa mbili, na maneno yake mengi yote yalikuwa yamemwisha. Saa nane mchana, daktari akiwa kwenye korido kati ya kitanda cha sita na cha saba, kaka alipiga tena, na safari hii aliyezungumza alikuwa daktari wa upasuaji wa kule nyumbani, mwanamke, sauti kavu ya mtu mwenye foleni.

"Weusi umepita kifundo. Tunataka kukata chini ya goti. Leo, si kesho. Mama hawezi kuamua mwenyewe, amelegea. Kaka yako amesema tukuulize wewe."

Nyuma yake kaka alisikika, "Sisi hatujui kitu, dada. Wewe ndiye unayejua. Utakalosema ndilo hilo hilo."

Daktari aliuliza presha. Aliuliza mkojo, tangu asubuhi umetoka kiasi gani. Aliuliza rangi ya vidole. Majibu yote yalikuwa mabaya, na yalikuwa yanakubaliana. Kisha mdomo wake ukasema kitu ambacho hakuutuma kusema.

"Hakuna njia nyingine?"

Swali hilo ameulizwa na ndugu wa wagonjwa zaidi ya mara elfu, na kila mara, Mungu amsamehe, lilimchosha. Labda daktari wa upasuaji naye alikuwa amechoka nalo.

"Ungekuwa uko hapa, wewe ungefanya nini?" akauliza.

"Kateni," alisema.

Tangu simu iite hadi neno hilo hazikupita dakika mbili. Muuguzi mkuu alikuwa akimwita kitanda cha saba, mtu wa pumu ameshindwa kuvuta hewa, naye akaenda. Akampa dawa, akamkalisha, akamwongoza pumzi baada ya pumzi hadi midomo ikarudi rangi yake. Mikono haikumtetemeka hata kidogo. Jambo hilo lilimwogofya. Aliitazama ile mikono akijiuliza ni ya nani.

Ijumaa alikwenda kwenye mahojiano, kwa kuwa mama alikuwa ametoka salama chumba cha upasuaji, na kwa kuwa asingekwenda, ndugu wangesema mguu uliofichwa kwa ajili ya mahojiano hayo umekatwa bure. Watu watatu walikaa upande wa pili wa meza. Mmoja alimuuliza anafanyaje ndugu wa mgonjwa wanapokataa ushauri wake. Alijibu vizuri, kwa mifano. Walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakampa mkono, wakamwambia ajihesabu ni mwenzao. Alishuka ngazi zote badala ya kupanda lifti, akatembea vituo vitatu vya basi bila kusimama hata kimoja, na hakujua alikuwa akienda wapi.

Jumapili asubuhi simu iliita. Ilikuwa namba ya mama mwenyewe.

"Umepata?" Hakusalimia.

"Nimepata, mama. Wewe unajisikiaje?"

"Ashukuriwe Mungu. Nimefurahi." Sauti ilikuwa dhaifu, lakini pumzi zilikuwa zimetulia; binti alizihesabu bila kupenda. "Mguu haupo. Nimeutafuta kwa mkono, haupo. Halafu unawasha, ule ule ambao haupo. Hayo mtanieleza siku nyingine. Nimemuuliza kaka yako nani aliruhusu."

"Ni mimi."

"Ameniambia. Nataka kukuuliza neno moja, na usinidanganye, tumedanganyana vya kutosha nyumba hii. Siku ile uliniambia wewe si daktari wangu, ni mwanangu. Nikakasirika, baadaye nikasema sawa, mwana ni mwana. Sasa aliyesema nikatwe ni nani? Maana kama ni mwanangu ndiye aliyeketi huko akasema mama yangu akatwe mguu, sijui nitaishi naye vipi."

Daktari alikuwa amesimama dirishani. Kule chini watu walikuwa wakipita na mikoba yao ya sokoni, na jua lilikuwa kali. Angeweza kusema kwamba alilia. Angeweza kusema aliomba muda, aliwaza usiku kucha, alipiga magoti. Kaka angemuunga mkono bila hata kuulizwa, ndivyo walivyolelewa.

"Ni daktari, mama," alisema. "Aliuliza maswali manne akasema kateni. Hakulia. Mwanao angekataa. Mwanao angewaambia wakuache na mguu wako hadi nifike, na ningekukuta umezikwa."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa kitanda cha hospitali, na mtu anakohoa mbali. Binti alisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano machozi yalimtoka, mengi, hakuyafuta.

"Basi huyo daktari," mama alisema hatimaye, "mwambie nimemsikia. Asante simpi leo. Labda baadaye, nikishazoea." Akajigeuza kitandani. "Na huyo anayelia hapo, mwambie aje."